Maswali yenu: Rupia imesuguka, imetobolewa, je bado ina thamani?

Tangu tuseme kwamba toleo hili tutajibu maswali ya hela za zamani meseji hazijakatika, na karibu wote sarafu zenu hazina sura tena, zimesuguka, zimepinda, zimetobolewa, nyingine zimekaa kwenye kopo la maziwa miaka na miaka mpaka zimekuwa nyeusi ti. Nimechagua maswali machache ambayo yakijibiwa yanajibu na ya wenzao. Bei ya leo siandiki maana bei ya madini ya fedha inapanda na kushuka kila siku, nitawapa hesabu mpige wenyewe.

Shikamoo. Bibi yetu amefariki ametuachia kidani cha rupia za Mjerumani, zote zimetobolewa juu na zimeisha sura, moja hata mtu aliyechorwa hajulikani ni nani. Sonara anataka kuzinunua kwa uzito, anasema zimeharibika hazina kazi zaidi ya kuyeyushwa. Tumpe? – Mjukuu, Tanga

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Msimpe kwanza. Hata ikija kuonekana bei yake ni nzuri, msimpe kabla hamjajua mna nini, maana ikishaingia kwenye moto haina swali tena.

Tuanze na huo uzito wenyewe, kwasababu ndio sakafu, chini ya hapo hakuna mtu anayetakiwa kuwashusha. Rupia nzima ilifuliwa kwa gramu 11.66 na hiyo ndo tola moja ile ile anayopimia sonara wako. Mjerumani alipokuja alikuta watu wa pwani wanatumia rupia ya India kila mahali, akaona hana namna, akafua ya kwake kwa uzito ule ule na fedha ile ile, yaani sehemu 917 kwa 1000, zinazobaki ni shaba ya kuipa ugumu. Kwa hiyo ikiwa mpya ina gramu 10.69 hivi za fedha safi ndani yake. Ya bibi imesuguka na ina tundu, haitafika huko, ukipima ukakuta 11.2 usishtuke, zidisha kwa 0.917 unapata 10.27, hiyo ndo fedha safi iliyobaki. Bei ya fedha ya dunia inatajwa kwa aunsi, aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.1, gawanya upate bei ya gramu moja kisha zidisha. Sonara atakata kidogo ya kazi yake na ni haki yake, ila akikwambia bei ambayo haifiki hata nusu ya hesabu hiyo chukua kidani chako uondoke.

Alafu hakikisha ni fedha kweli. Sumaku peke yake haitoshi, fedha haivutwi na sumaku lakini shaba nayo haivutwi. Njia ninayoiamini mimi ni ya maji na haiharibu kitu. Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, weka juu yake kikombe cha maji, ibonyeze isome sifuri, kisha funga rupia na uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala ukingo wa kikombe. Itikise kidogo viputo vya hewa vitoke, hasa kwenye lile tundu. Mizani itaandika namba ndogo. Chukua uzito wa rupia ikiwa kavu ugawe kwa namba hiyo. Rupia ya gramu 11.2 ikiandika karibu 1.09 jibu ni 10.3 kasoro, hiyo ni fedha. Ikiandika 1.26 na kuendelea una shaba au nikeli iliyopakwa, hata ing'ae vipi. Kama kuna kikonyo cha kulehemu bado kimeshika hapo juu kinaweza kuvuruga hesabu kidogo, lijue hilo.

Sasa tuje kwenye sura maana hapo ndo sonara anapokosea. Kusuguka na kuharibika ni vitu viwili tofauti kabisa. Kusuguka ni mikono, sarafu imepita sokoni, imepita mifukoni, imelala shingoni kwa bibi ikisuguana na kanga miaka yote hiyo, inaisha taratibu na kwa usawa. Kuharibika ni kitendo cha mara moja, tundu, tupa, nyundo, lehemu. Wakusanyaji wanavipima tofauti, sarafu iliyosuguka kwa usawa inashuka ngazi ya ubora lakini inabaki kwenye ngazi, iliyotobolewa inatolewa kwenye ngazi inapelekwa pembeni na bei yake mara nyingi inaanguka chini ya nusu ya mwenzake mzima. Ndo ukweli na sitaki kukupaka mafuta. Lakini pembeni sio jalalani.

Usiku zima taa, washa tochi ya simu uilaze mezani karibu kabisa na sarafu ili mwanga upite juu yake kwa ubavu. Utashangaa vitakavyotokea. Kwenye rupia ya Mjerumani upande wa kichwa ni Kaiser Wilhelm wa pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, na kinachoanza kuisha ni yule tai, masharubu na bega. Maandishi ya ukingoni yanakaa zaidi kwasababu ukingo unayakinga, tafuta GUILELMUS II IMPERATOR, ukipata hata herufi tatu nne umeshajua. Geuza. Ukiona ngao yenye simba mbele ya mti wa jamii ya mnazi basi ni ya Kampuni ya Kijerumani, zilifuliwa kati ya 1890 na 1902, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Ukiona DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani bila ngao basi ni ya serikali, kuanzia 1904, hapo rupia ikawa heller 100, na kuna herufi ndogo A au J, A ni Berlin na J ni Hamburg. Hiyo herufi itafute hata kwa lenzi ya sonara maana mwaka ule ule bei inaweza kutofautiana kwa herufi tu.

Na ile isiyojulikana ni nani, usishangae ikiwa sio Mjerumani kabisa. Vidani vya pwani vimechanganywa. Kama ni mwanamke mwenye taji ni Malkia Victoria, rupia ya India, na akiandikwa QUEEN ni ya kabla ya 1877, akiandikwa EMPRESS ni kuanzia mwaka huo. Ila jihadharini na iliyoandikwa 1862, mwaka huo ulibaki kwenye sarafu mpaka 1874, kwa hiyo sio lazima iwe ya 1862 kweli. Ukikuta jua na taji na maneno LIGHT AND LIBERTY, upande wa pili mizani, mwaka 1888 na herufi H, basi simama hapo hapo, hiyo ni rupia ya Kampuni ya Waingereza iliyotumika Mombasa, ilifuliwa kwenye kiwanda cha Heaton kule Birmingham, na hata ikiwa na tundu usiiuze kwa gramu. Ikitokea kuna kubwa mara mbili ya wenzake, gramu 23.3 hivi, yenye 1893 au 1894, hiyo ni rupia mbili na hizo ndo zinazoigwa sana siku hizi, ipitishe kwenye maji kabla ya kufurahi.

Sasa tundu. Liangalie vizuri lilipo. Kama limetobolewa juu kabisa ya kichwa ili Kaiser akining'inia awe wima, na pembe za tundu zimelainika, zimeng'aa, zimekuwa kama mviringo wa yai upande wa juu, huo ni uzi uliopita hapo miaka mingi na kidani kimevaliwa kweli. Tundu jipya lina pembe kali na ndani yake fedha ni nyeupe kuliko uso. Hilo la zamani ndo ushahidi kwamba kidani ni kidani, kwa hiyo msizifungue moja moja. Kamba, shanga, vikonyo, mpangilio wake, vyote acheni kama bibi alivyoviacha, pigeni picha pande zote mbili, andikeni bibi alikipata kwa nani na kwenye sherehe gani alikivaa. Mnunuzi wa vito vya asili au makumbusho anaangalia kitu kizima, na kwa macho yake kile ambacho mkusanyaji wa sarafu anakiita kasoro ndo kazi yenyewe. Na msipopata mnunuzi mbaki nacho, mimi ningebaki nacho.

Habari kaka, nina riale kubwa ya mwaka 1780 yenye mama mnene, kuna jamaa ananiambia ina miaka zaidi ya 200 thamani yake ni mamilioni. Imegongwa muhuri mdogo wa taji na herufi PM, je huo muhuri umeiharibu? – Msomaji, Mtwara

Nzuri ndugu yangu. Huyo mama ni Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka huo huo 1780, na biashara ya Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni mpaka huku kwetu ilishaizoea sura yake kiasi kwamba waliendelea kuifua na mwaka ule ule baada ya yeye kufa. Imefuliwa Vienna, Venice, Milan, baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na kwingine, na Vienna bado wanaifua. Kwa hiyo 1780 haikwambii umri, yako inaweza kuwa ya 1850 au ya 1950. Nyingi sana zinauzwa juu kidogo tu ya thamani ya fedha yake, nzima ina gramu 28.07 na fedha yake ni 833 kwa 1000, yaani gramu 23.4 za fedha safi. Mamilioni sahau.

Lakini ngoja kwanza, wewe uko Mtwara na una muhuri wa taji na PM, hapo mambo yanabadilika. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno mwishoni mwa karne ya 19 waligonga muhuri huo, PM ya Provincia de Moçambique, kwenye riale na rupia za kigeni ili zikubalike kwenye himaya yao. Muhuri wa serikali hauhesabiwi kama jeraha, wapo wanaokusanya mihuri tu na riale iliyogongwa inaweza kuizidi isiyogongwa. Shida ni kwamba mihuri nayo inaigwa, wanachukua riale ya kawaida wanaigonga leo. Angalia kwa lenzi, muhuri wa zamani umesuguka pamoja na sarafu, ndani yake kuna weusi ule ule wa uso wote, na upande wa pili nyuma ya muhuri uso umebonyea kidogo kuwa bapa. Kama sura ya mama imeisha lakini herufi za muhuri ni kali kama jana, acha wasiwasi wako ukuongoze.

Angalia na ukingo, riale ya kweli ina maandishi yaliyoinuka IUSTITIA ET CLEMENTIA kuzunguka pembeni. Za kumimina kwenye kalibu mara nyingi zina mstari wa maungio hapo au herufi zimevimba. Wazee wa Uhabeshi na Yemen walioitumia sokoni walikuwa wanahesabu lulu za bruchi begani kwa mama kabla ya kuipokea, isiyosomeka wanaikataa, kwa hiyo hili la kukagua sio letu la leo.

Naomba msaada, kuna mtu anauza rupia ya Mjerumani inayovuta mchele, anataka tuchange laki tano tano, mnunuzi yupo tayari anatoa dola. – Mbeya

Ndugu yangu usichange hata shilingi mia. Fedha haivuti mchele, haijawahi, hakuna sarafu yoyote duniani iliyofuliwa na nguvu hiyo, sio ya Mjerumani sio ya sultani. Mchezo huu huu upo India na umefilisi watu wengi, wanachanganya mchele na vumbi la chuma kisha wanaficha sumaku, basi. Huyo mnunuzi wa dola ni mwenzao. Imeniuma sana kwasababu watu wanauza mashamba kwa ajili ya hii kitu. Peleka habari polisi kabla wenzako hawajatoa hela zao.

Mimi nimezisafisha zangu kwa dawa ya mswaki na majivu zikang'aa vizuri mno, cha ajabu mnunuzi aliyekuwa ananisubiri akashusha bei. Kwanini? – Kigamboni

Kwasababu umemuondolea alichokuwa anakitaka dada yangu. Ule weusi ni fedha yenyewe imekutana na salfa ya hewani, umejijenga miaka mingi na umetulia, unakinga kilichopo chini yake. Dawa ya mswaki ina chembe za kusugulia, majivu ndo zaidi, umeacha mikwaruzo myembamba maelfu yote inaelekea upande mmoja, igeuze kwenye mwanga utaiona. Na kwenye sarafu iliyosuguka tayari, kile kidogo kilichobaki cha nywele au manyoya ya tai ndo umekiondoa cha mwisho. Haiwezi kurudishwa. Usiipake kitu kuifanya nyeusi tena, hiyo nayo inaonekana, iache tu hewani ikae, itarudi yenyewe polepole.

Na nyie wengine ambao hamjagusa, kama ina uchafu wa mafuta au udongo iloweke kwenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya mtoto, suuza, ikaushe kwa kuibonyezabonyeza na kitambaa laini bila kusugua. Limau hapana, siki hapana, brashi ya waya ndo kabisa. Kuhifadhi, funga kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, sio zile mifuko laini ya plastiki yenye harufu, zile baada ya muda zinatoa utomvu wa kijani unaokula sarafu. Wala msizifunge na rababendi, mpira una salfa, utaacha mstari mweusi hautoki. Sisi wa pwani tuna na chumvi ya hewani juu yake, kwa hiyo ndani ya kabati sio dirishani.

Nina kopo la shilingi za simba za mkoloni, zimeisha mpaka mwaka hausomeki. Nasikia kuna za fedha na zisizo za fedha, nitajuaje? – Likoni, Mombasa

Swali zuri na jibu lake ni rahisi hata bila mwaka. Kuanzia 1921 mpaka 1946 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na robo tu ya fedha, 250 kwa 1000, gramu 7.78 nzima kwa hiyo fedha safi ni gramu 1.94. Kuanzia 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli, fedha hakuna hata chembe. Sasa soma maandishi upande wa mfalme. Ukipata mabaki ya IND IMP, yaani mfalme wa India, hiyo ni ya fedha. Ukipata SEXTVS, ni ya nikeli, maana India ilijitawala 1947 na cheo kikafutwa kwenye sarafu, bahati nzuri fedha nayo ikawa imeondolewa wakati huo huo. Za robo fedha zikisuguka zinageuka rangi ya manjano au wekundu kidogo sehemu zilizoinuka, shaba inachungulia, watu wanadhani ni feki, sio feki. Thumuni za enzi hizo hizo nazo zipo za fedha. Usitegemee utajiri hapo, lakini kopo zima sio la kutupa, na florini ya 1920, hela iliyotangulia shilingi, ukiikuta humo itenge, hiyo ina nusu fedha.

Nilikuwa nachimba msingi wa nyumba nikakuta vijisarafu vidogo vyeusi vina maandishi ya Kiarabu, vimeshikamana. Nivitenganishe vipi? – Pemba

Usivitenganishe! Tafadhali sana. Pemba hapo hapo, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wataalamu waliokuwa wanachimba walikuta zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha za karibu miaka elfu moja iliyopita, zina majina ya watawala wa pwani kwa herufi za Kiarabu, na kwa hizo historia yetu ikabidi isomwe upya, maana hakuna aliyedhani watu wa huku walikuwa wanafua fedha yao wakati huo. Sarafu zilizoshikamana udongoni zinasema ziliwekwa pamoja, kwenye mfuko au chungu, na udongo uliozizunguka ndo unaosema lini. Ukizibandua kwa kisu umefuta yote hayo, na ile ganda ya kijivu ni fedha iliyogeuka chumvi, ni laini, maandishi yanatoka nayo.

Simamisha kuchimba hapo, piga picha pamoja na kitu cha kuonesha ukubwa, funika, kisha nenda Makumbusho na Mambo ya Kale Zanzibar. Na kwa wenzetu wa bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo cha ardhini cha zamani hivyo hakiuzwi kienyeji, vya kurithi kama kidani cha yule mjukuu wa Tanga ni habari nyingine kabisa.

Assalaam alaykum. Marehemu baba alikuwa akisema ana rupia ya nguruwe na kwamba ni adimu. Nimeikuta lakini tarehe imefutika kabisa, na mie sioni nguruwe. – Msomaji wenu, Muscat

Waalaykum salaam, Mungu amrehemu. Baba alikuwa anajua anachosema. Ni rupia ya India ya Mfalme George wa tano ya mwaka 1911. Kwenye vazi la mfalme, chini kifuani, kuna mkufu wa nishani wenye tembo mdogo, sasa fundi akamchonga na mkonga mfupi mno mpaka watu wakasema huyo ni nguruwe, Waislamu wakaikataa, ikasimamishwa, nyingi zikayeyushwa, na kuanzia 1912 tembo akachongwa upya na mkonga unaoonekana. Kwa hiyo hauhitaji tarehe, unahitaji tembo. Chukua lenzi na ule mwanga wa ubavu niliomwambia mjukuu wa Tanga, angalia mkonga tu, mfupi mnene ulioishia juu ni 1911, mrefu ulioshuka ni wa baadaye. Ubaya ni kwamba vazi ni sehemu iliyoinuka, linasuguka mapema, na kama hapo kifuani pameshakuwa laini kama kijiko hakuna mnunuzi atakayelipa bei ya 1911 kwa maneno, atakulipa tola moja ya fedha kasoro iliyosuguka.

Nitumie picha ya hapo kifuani tu, kubwa, bila flashi, nikuangalizie.